Hatua Mia Nne Kutoka Hospitali

Jumanne saa mbili asubuhi, Venance alisimama kwenye geti la hospitali, akavua kandambili, akaanza kuhesabu hatua. Alihesabu kwa sauti kama alivyozoea shambani, na waendesha baiskeli waliobeba magunia ya mpunga walimpisha bila kumuuliza kitu. Alikuwa amestaafu wiki tatu zilizopita. Kampuni ya miwa ilimpa barua ya shukrani, saa ya ukutani, na siku thelathini za kuondoka kwenye kota aliyoishi miaka thelathini na mmoja. Saa haikuwa na betri.

Mkewe, Sikitu, alikuwa na hatua mia nne. Ndivyo daktari alivyosema na ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi na tisa ya kuinama akipalilia miwa ilikuwa imemmaliza mgongo. Sasa aliweza kutembea hatua mia nne tu, kisha miguu ikafa ganzi mpaka alale chali saa nzima. Bajaji aliijaribu mara moja. Iliruka tuta moja, naye akakaa wiki mbili bila kuweza kujigeuza kitandani. Dawa yake ilikuwa mazoezi ya mgongo pale hospitalini, mara tatu kwa wiki. Akiyaacha, miguu ingezima moja kwa moja. Kwa hiyo hawakuja Ifakara kutafuta mtaa mzuri. Walikuja kutafuta mtaa ulio ndani ya hatua mia nne.

Dalali wao aliitwa Gosbert. Alikuwa na simu tatu na pikipiki, na asubuhi ile aliisukuma pikipiki kwa miguu nyuma ya mteja wake kwa sababu mteja alikataa kupanda. Walianza mtaa wa Lipangalala, pembeni mwa mji.

"Hewa safi, mzee," alisema Gosbert. "Hapa unapumua mpaka unachoka."

"Elfu mbili na mia moja," alisema Venance, akageuka.

Mlabani kulikuwa na nyumba yenye baraza pana na kisima. Venance aliipenda kabisa, akakaa barazani dakika tano, akanywa maji ya kisima. Ilikuwa elfu moja na mia tatu. Viwanja Sitini alianza kwa kuvihesabu viwanja vyenyewe. Alipopita themanini akasema mtaa uliodanganya kwenye jina utadanganya na kwenye mipaka, na hapo Gosbert akaona kazi ya leo ni ngumu.

"Sasa nimekuelewa," alisema dalali. "Wewe unataka mjini kati. Ungesema tangu mwanzo."

Alimpeleka Mtaa wa Mizani, nyuma ya soko. Huko Gosbert aligeuka mtu mwingine. Sauti ilishuka, mikono ikaanza kuzungumza. Alisema mtu wa mjini kati hatafuti chumvi, chumvi inamtafuta yeye. Alisema ukipiga chafya hapa, sokoni wanakuambia pole. Alisema watu wa Lipangalala wakiulizwa wanakaa wapi, wanakohoa kwanza. Venance hakusikia hata moja ya hayo, alikuwa anahesabu. Kutoka geti la hospitali mpaka mlango wa nyumba ya vyumba vitatu, kwa hatua za Sikitu na si zake, zilikuwa mia tatu na tisini na sita. Alirudia mara ya pili. Zikawa zilezile.

Mafao yote yakaishia pale. Kiwanja kilikuwa namba kumi na nne, kitalu B, na kwenye pembe zake kulikuwa na bikoni nne, yale mawe ya saruji ambayo wapima ardhi huyapanda ardhini kuonyesha mpaka. Venance aliyapaka chokaa siku ya kwanza. Kwenye kota hakuwahi kuwa na mpaka wake mwenyewe, akajisikia vizuri.

Siku ya pili, saa saba kamili mchana, maofisa wa viwanja walifunga ofisi yao kwenda kula. Sikitu alikuwa amejilaza sebuleni, Venance anapakua wali. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja wa Kisukuma aitwaye Nyamizi, alipaza sauti kutoka uani kwake.

"Wageni! Shikeni sufuria!"

Bikoni nne zilitikisika, zikadondosha udongo, zikatoka ardhini. Zilikuwa na miguu mifupi, minene, ya saruji ileile. Zikaanza kutembea kuelekea mashambani, na kiwanja kikazifuata, na nyumba ikafuata kiwanja, na mpapai uliokuwa uani ukafuata nyumba. Mtaa mzima ulikuwa unakwenda. Waya wa umeme ulikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kuku walitembea sambamba na nyumba zao ili wasije wakalala kwa watu. Baada ya hatua sita bikoni zilisimama, zikajichimbia, zikatulia. Saa nane maofisa walirudi wakichokonoa meno.

Venance alikula wali wake, kisha akaenda kupima. Zilikuwa mia nne na mbili.

"Ni ile lodge," alisema Nyamizi, akimwonyesha kwa kidevu ukuta mweupe uliokuwa kati yao na hospitali. "Ya Marcelino. Bikoni zake zinatoka nje, zinatanuka. Za kwetu zinazipisha. Si unajua jinsi watu wanavyopisha gari lenye vioo vyeusi? Ndivyo hivyohivyo."

"Kila siku?"

"Jumamosi na Jumapili hapana. Ofisi haifunguliwi, basi haifungwi."

Nyamizi alikuwa amezifunga bikoni zake mguuni kwa kamba ya katani, kama ndama wanavyofungwa, na kila kamba ikaishia kwenye kigingi cha mkurungu, ule mti mgumu. Hazikukatika kamba. Bikoni ziliviburuta vigingi. Lakini alisema zinachoka upesi kuliko za wenzake, na kweli uzio wake ulikuwa umebaki nyuma hatua mbili. Yeye na mumewe waliingia bondeni na ng'ombe mia moja na arobaini. Siku ya operesheni ya serikali ya kuwatoa wafugaji waliondolewa kule, ng'ombe wakabaki kumi na mmoja, wakauza hao kumi na mmoja wakanunua kiwanja mjini, chenye karatasi, ili wasihamishwe tena.

"Kule tulihamishwa na watu wenye bunduki," alisema. "Hapa ni mawe tu. Mawe angalau hayatukani."

Juma la kwanza Sikitu alifika hospitali kwa kuvuta miguu. Juma la pili alianguka getini. Hatua zilipofika mia tano na kumi, Venance alivaa shati la kustaafia akaenda ofisi ya viwanja, saa tatu asubuhi, wa kwanza kwenye foleni. Afisa alikuwa dada mmoja mstaarabu sana, Aneth.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtaa wetu unahama."

"Unahama saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Aneth aliandika. Kisha akakunjua ramani, akaweka rula. "Kitalu B, namba kumi na nne. Hospitali hii hapa. Mita mia mbili na themanini, mzee. Hamjahama."

"Nimepima kwa mguu. Ni hatua mia tano na kumi."

"Mguu haujasajiliwa, mzee."

"Basi twende ukaone mwenyewe."

"Nitakuja. Malalamiko ya mpaka ni lazima afisa ashuhudie kwa macho. Ulisema ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba tunakula," alisema Aneth, na alisikitika kweli, ilionekana usoni. Akamkumbusha kwamba kodi ya ardhi ya viwanja vya katikati ya mji inalipwa kabla ya mwezi kwisha.

Jioni ile Venance alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamsimulia mkewe habari za rula na mguu. Alikuwa na hasira. Alisema hajawahi kuona wizi wa namna hiyo, kurefusha njia ya mtu mgonjwa huku karatasi inaonyesha fupi. Sikitu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umewahi kuuona," alisema.

Miaka aliyokuwa nyapara wa shamba la miwa, Venance ndiye aliyewapimia vibarua kipande, ile kazi ya siku, kwa hatua zake. Karatasi ya ofisi ilisema kipande ni hatua sitini. Kila nyapara alijua namna ya kurusha mguu ili sitini zake ziwe sabini na tano za mwanamke mwenye jembe, na shamba likaisha mapema, na bwana shamba akafurahi. Venance alirusha kuliko wote. Walimwita Twiga, naye alilipenda jina hilo. Sikitu alikuwa kibarua wake miaka minne kabla hajawa mke wake.

"Mimi nilipimiwa na wewe," alisema Sikitu. "Hata siku ile uliyoniletea soda, ulikuwa umenipimia kirefu."

"Nilikuwa sijui kama…"

"Ulikuwa unajua, baba."

Alikuwa anajua. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kumtazama, akainuka akaenda kuwasha jiko ambalo lilikuwa tayari linawaka.

Walijaribu yanayojaribika. Wana wa Nyamizi walimbeba Sikitu kwenye kitanda, mabegani, mara mbili. Kila walipobadilishana bega alipiga yowe, na safari ya pili akawaomba wamrudishe. Ndipo akapata akili yake mwenyewe. Angetembea hatua zake mia nne, alale chali saa nzima, kisha aamke na kumalizia zilizobaki. Venance alimbebea mkeka. Hatua ya mia nne iliangukia kwenye ukuta wa lodge, upande wenye kivuli, ambapo zamani palikuwa na mafundi cherehani na mashine ya kukoboa. Alilala hapo Jumatatu, akafika hospitali, akafanya mazoezi, akarudi kwa namna hiyohiyo. Alirudi anacheka. Jumatano vilevile.

Ijumaa Marcelino mwenyewe alitoka. Alikuwa mtu wa heshima zake. Alichuchumaa kando ya mkeka ili asizungumze na mama wa watu akiwa amesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole sana na mgongo. Mimi binafsi sina neno. Ila wageni wangu wanatoka semina, wanaona mtu amelala chini ya ukuta, wanauliza. Wengine ni watu wa afya. Wanasikitika, wanashindwa kula."

"Nikilala nusu saa?"

"Hata nusu saa, mama, mtu anaweza kusikitika."

Jumatatu iliyofuata kivuli chote cha ukuta kilikuwa kimepandwa maua yenye miiba, na kando yake kibao: BUSTANI YA WAGENI. Kulikuwa na upande mwingine wa barabara, lakini saa saba ya siku hiyo bikoni za lodge ziliuvuka, na Sikitu akabaki bila pa kulalia njiani.

Mtaa wa Mizani uliendelea na safari yake, na sasa bikoni hazikwenda tena hatua sita kwa siku, zilikwenda sabini, themanini. Ulipita kiwanja cha mpira. Ulipita reli, na siku hiyo watu walisubiri treni ya mizigo ipite kwanza. Mwezi wa tatu tangu wahamie, nyumba ya namba kumi na nne ilisimama kwenye majaruba ya mpunga, maji yakagusa kizingiti, na vyura wakaanza kuingia sebuleni kama watu waliokaribishwa. Kutoka mlangoni mpaka geti la hospitali zilikuwa hatua elfu mbili na mia sita. Lipangalala ilikuwa imebaki nyuma yao, karibu zaidi na mjini kuliko wao. Kodi ya ardhi ilikuja kwa kiwango cha mjini kati. Gosbert naye alipiga simu kumuuliza Venance kama anajua mtu anayeuza Mlabani, maana wateja wanapaulizia sana siku hizi.

Miguu ya Sikitu ilizima siku ya Alhamisi, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kati ya chai na chakula cha mchana. Alimwita Venance, akamwambia ajaribu kuifinya. Aliifinya. Akaifinya tena kwa nguvu zaidi, kisha akaifunika kwa shuka.

Wiki iliyofuata mwendesha baiskeli alileta barua ya hospitali. Ilikuwa na muhuri, kurasa tatu, na bahasha ngumu ya kaki. Venance aliisoma kwa sauti, kwa sababu mkewe alitaka kusikia kila neno. Ilisema kwamba mgonjwa Sikitu hajahudhuria mazoezi mara kumi na saba mfululizo. Kwamba kwa mujibu wa anwani yake mgonjwa anaishi katikati ya mji, mita mia mbili na themanini kutoka hospitalini. Kwamba wapo wagonjwa wanaotoka vijiji vya mbali, ng'ambo ya mto, na wanahudhuria bila kukosa. Kwamba kwa hiyo jina lake limeondolewa kwenye orodha, na kwenye faili sababu imeandikwa: uzembe.

"Soma tena hapo mwisho," alisema Sikitu.

Alisoma tena.

"Uzembe," alisema Sikitu. Aliingoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni uchovu.

Nje, kwenye maji ya jaruba, Nyamizi alipaza sauti kwamba ni saa saba kasoro dakika mbili. Mwenyewe akaitoa sufuria yake jikoni, akaipakata. Venance aliikunja barua mara nne, bahasha na muhuri na yote, akachuchumaa akaisukumiza chini ya mguu wa kitanda uliokuwa unacheza. Alijaribu kukitikisa kitanda kwa mkono. Hakikutikisika. Kisha akakaa sakafuni, ndani ya maji yaliyokuwa yameshaingia, akaukumbatia mguu mwingine, na nyumba ikaanza kwenda.