Kadibodi ya Nyuma ya Picha

Kijiko kiligonga meza, kikagonga tena. Fenia alifumbua macho. Nje bado giza. Jikoni mume wake, Sidor, alikuwa akiitafuta glasi yake ya chai kwa ncha ya kijiko, na glasi iko hapo hapo mbele yake.

“Jicho limeshukiwa na pazia,” alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

Alikuwa na hilo moja tu. La kushoto lilikufa zamani kwa ndoana. Daktari wa zamu alisema kwenye simu kwamba afikishwe hospitali mjini Tulcea kabla ya saa sita mchana, asile, asiiname, asinyanyue chochote. Wakichelewa, hakuna la kufanya. Boti ya wagonjwa ilikuwa mbali, mjini Sulina, na wanaume wa kijiji wote walikuwa kwenye nyavu. Basi Fenia akashika mota ya boti yao mwenyewe.

Ili kuokoa muda alikata njia kupitia mfereji mwembamba wenye mayungiyungi, akaongeza mwendo juu ya tope. Mfereji ulipoanza kupanuka tena, Sidor, aliyekaa kichwa wima kama mtoto anayepigwa picha, alisikia kabla yake kwamba mlio wa mota umebadilika.

“Fenia, inakojoa?”

Aliangalia ubavuni mwa mota. Kile kijito cha maji ya kupoza mota kilikuwa kimekauka, na moshi ulinuka rangi iliyoungua. Akazima. Saa tatu kasoro robo.

Alipiga kasia hadi kwenye gati la Zamfira, mjane aliyeishi peke yake kwenye kona ya mfereji. Hakuwa wa imani yao, na miaka yote walimpungia mkono tu wakipita. Zamfira hakuuliza mengi. Alileta spana za marehemu mumewe, akamwekea Sidor mto shingoni.

Sidor alielekeza, Fenia akafungua. Boliti moja nusura itumbukie majini. Chini ya kifuniko kidogo walikuta thamostati, vali inayopitisha maji ya kupoza, imejaa tope. Sidor akasema waitupe, maji yapite bila kizuizi. Lakini gasketi iliyoziba kifuniko ilikuwa imechanika vipande viwili. Sidor alijisahau akainuka aje aishike.

“Kaa, mzee,” Fenia alisema. “Ukiinama nakutupa mtoni.”

Akakaa.

Walikata gasketi mpya kwa karatasi ya pakiti ya sukari, wakaipaka grisi. Mota ilipowashwa, maji ya moto yaliruka pembeni na karatasi ikalainika kama mkate kwenye supu. Saa tatu na nusu. Fenia alijikuta amekaa chini. Zamfira alimletea maji, akasuuza kikombe mara tatu mbele yake, kwa kuwa alijua watu wa kanisa lao hawanywi kwenye vyombo vya wengine. Fenia aliona hilo. Alikunywa yote.

Kisha Zamfira aliingia ndani, akatoka na picha ya mumewe, na papo hapo akaanza kung'oa kadibodi ngumu ya nyuma.

“Hiyo hapana, dada,” Fenia alisema.

“Alikuwa fundi wa boti huyu. Miaka kumi na moja anatazama jiko langu. Acha afanye kazi kidogo.”

Walichora umbo kwa kufuata kifuniko chenyewe, wakakata kwa mkasi, wakatoboa matundu kwa msumari, wakakaza boliti kidogo kidogo kwa zamu. Mota iliwaka. Ilitema tope, ikakohoa, halafu kijito kikatoka, chembamba, kikanenepa. Fenia alikigusa: vuguvugu.

Walifika Tulcea saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Siku ya tano walirudi, Sidor na bandeji. Daktari alisema jicho limeokolewa. Fenia alipunguza mwendo kwenye kona, wakafunga boti, wakala supu ya samaki kwenye sahani za Zamfira, Sidor naye.

Jioni Zamfira aliwafungulia kamba, lakini hakuiachia.

“Safari nyingine msingoje kuharibikiwa,” alisema. “Njooni tu. Jumapili mnaweza?”