Kidole Gumba cha Ustadhi Wagdi

Ustadhi Wagdi alinifundisha hesabu chuoni Aleksandria. Kiharusi kilipompiga kikamwachia kidole gumba cha kulia tu, mimi ndiye niliyemwandikia programu ya kuzungumzia, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Herufi zilipita moja moja kwenye skrini. Akibonyeza kitufe, herufi iliyopo wakati huo inabaki. Kitufe nilikiunga nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la kuchomekea modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu: waya mmoja unatoa umeme, kitufe kikibonyezwa umeme unarudi kwa waya wa pili, na programu inajua.

Kompyuta ile ikaungua. Nikaleta nyingine, yenye mfumo wa Unix wa aina tofauti. Nikairekebisha programu hapa na pale mpaka ikakubali bila kulalamika. Herufi zikaanza kupita. Hakuna iliyobaki.

"Bonyeza, Ustadhi."

Kidole kilitikisika kidogo. Au nilidhani tu.

Siku ya tatu mkewe, Shangazi Inayat, alinivuta jikoni.

"Niambie ukweli, mwanangu. Na kidole nacho kimekufa?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui nini? Si wewe ndiye mhandisi?" Akageukia sufuria ya dengu ili nisimwone analia.

Nikachukua kipimo cha umeme, nikaingia chini ya meza. Kitufe kilikuwa kizima. Waya wa kutoa umeme ndio uliokuwa haupitishi kitu. Nikarudi kwenye programu, nikaisoma mstari kwa mstari. Sikuwa nimeweka kasi ya mawasiliano. Kitufe hakitumi maneno, nilijiambia wakati ule, kasi ya nini? Basi ilikuwa imebaki sifuri. Mfumo wa zamani uliipuuza sifuri hiyo. Kwa huu mpya, kasi sifuri maana yake kata simu, na simu ikikatwa waya ule unazimwa. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Mashine ya zamani ilinisitiri tu.

Nikaandika kasi. Nikaongeza na amri ya kuuwasha waya waziwazi, nisitegemee tena hisani ya mfumo.

Herufi ikabaki. Ikaja ya pili. Mimi na shangazi tulisimama nyuma ya kiti cha Ustadhi, hata kukohoa hatukuthubutu.

NIMEBONYEZA SIKU TATU.

"Nisamehe, Ustadhi," nikasema.

"Siku tatu!" Shangazi akajipiga kifuani. "Na mimi nimeshakulilia kama marehemu, we mzee!"

Herufi zikaanza tena kupita, polepole.

DENGU ZINAUNGUA.

Shangazi akatoka mbio, akicheka huku machozi yanamtiririka.

Jioni ile Ustadhi alimwandikia binti yao aliyeko Kuwait. Mistari miwili, saa nzima. Shangazi aliketi ubavuni pake akikisia kila neno kabla halijaisha, akikosea karibu yote, na mzee akiendelea tu kubonyeza.