Nyuzi za Usawazo

Nchi ya Usawazo ilijengwa kwa rula: barabara zake zilinyooka kama kamba iliyovutwa, miti yake ilikatwa vichwa ikalingana kimo, na watawala wake, Waheshimiwa Wanyoofu, walikaa ukumbini kwa daraja zao wakikubaliana kwa sauti moja kabla hata hoja haijamalizika kusomwa. Juu yao wote alikaa Mtukufu Mlinganya. Yeye ndiye aliyeamuru kwamba kila binadamu wa nchi ile awe na nyuzi arobaini na sita, zile za urithi zinazosokotwa mwilini kabla mtu hajazaliwa, na kwamba wajawazito wote wapimwe. Mama ambaye mwanawe angekutwa na uzi wa ziada alipaswa kuitoa mimba au kuihama nchi.

Mwajabu, mfinyanzi wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa ameungoja ujauzito huo miaka kumi na mitatu. Mwezi wa nne, Tabibu Nyange alimchoma sindano tumboni, akavuta maji kidogo ya uzazi. Kwa wiki mbili Mwajabu hakuweza kufinyanga hata kikombe. Udongo ulimkaukia mikononi.

Majibu yalipotoka, tabibu alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, mwanao ana nyuzi arobaini na saba."

"Atakufa?"

"Sioni dalili hiyo. Moyo wake nimeutazama, ni mzima. Atachelewa kutembea, atachelewa kusema, na atahitaji mwalimu mwenye subira. Lakini atakujua, na atacheka."

Mwajabu alilia, kisha akashusha pumzi ndefu. Alichokuwa anakiogopa kilikuwa na sura sasa, na sura yenyewe ilikuwa ya mtoto.

Alipoitwa ukumbini alisimama wima, mikono juu ya tumbo.

"Utoe au uhame," Mtukufu alisema.

"Amri yako inasema kila binadamu, Mtukufu. Wewe ulipimwa lini?"

Mtukufu akacheka, akakunja mkono wa kanzu na kumwita Nyange achukue damu, ili taifa lione unyoofu ulivyo.

Siku ya tisa tabibu alimkabidhi bahasha mbele ya wote. Mtukufu akasoma. Akasoma tena. Akauliza jambo kwa sauti ya chini, Nyange akamnong'oneza. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, na kutangaza kuwa amri imesitishwa kwa ajili ya marekebisho. Hakuna aliyethubutu kuuliza, ila Wanyoofu kadhaa walionekana wakiitazama mishipa ya mikono yao wenyewe.

Mwajabu alijifungua salama mtoto wa kike, mlegevu kidogo, ambaye siku mbili za kwanza alihangaika na titi na siku ya tatu akalishika barabara. Nyange alikuja kuwaona.

"Tabibu," Mwajabu alimwuliza, "karatasi ile ya Mtukufu ilisemaje?"

Nyange aliinama, akasikiliza kifua cha mtoto mpaka akaridhika.

"Siri ya mgonjwa, mama," alijibu.