Hoja ya Kufagia Ua

Mwalimu Placidius alitoka Bukoba mjini, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Tangu vita vya Hitler vilipokwisha alikuwa akifundisha Kiswahili katika chuo cha walimu cha misheni, juu ya kilima nje kidogo ya Kayanga, huko Karagwe, na miaka yote hiyo wanachuo wake walimwandikia insha ileile. Ng'ombe ni mnyama mwenye faida. Ana miguu minne, pembe mbili na mkia mmoja. Watu humpenda sana. Mwisho.

Mwaka 1953 akaja Bwana Mkaguzi, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni na aliyekizungumza kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisoma insha ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akavua miwani.

"Hawa wote wamemwona ng'ombe mmoja?"

Padri Mkuu wa chuo alicheka. Placidius hakucheka.

Mkaguzi akatoa agizo. Muhula ujao pawe na kozi mpya ya insha za hoja. Mwanachuo ajenge dai, atoke nje ya chuo akatafute ushahidi kwa watu, aujibu upande unaompinga, ndipo ahitimishe. Mwalimu Placidius ndiye ataipanga, naye Mkaguzi atarudi mwisho wa muhula kusikiliza.

Siku hiyo Placidius alirudi nyumbani kifua mbele. Mkewe, Kokushubira, alikuwa uani akimenya ndizi.

"Mama Evangelina, nimepewa kozi."

"Kozi ndiyo nini?"

"Kuwafundisha vijana kubishana."

"Ebo! Na kwa hilo wanahitaji chuo?"

Placidius alimhurumia kwa kukosa elimu, akaingia ndani kutafuta mada. Alitaka mada nzito, za kumfanya Mkaguzi alitaje jina lake hadi Dar es Salaam. Je, bei ya kahawa ni ya haki? Je, kipi kinamfaa zaidi mkulima, ng'ombe au migomba? Je, mahari idumishwe? Aliandika pia: Je, watu wa Bukoba wameelimika kuliko watu wa Karagwe? Hiyo aliikata mwenyewe, kwa kuwa hakuona nani angeweza kuipinga.

Likizo ikiwa katikati, Padri Mkuu aliitisha kikao. Walikuwapo Nuwagaba, mwalimu wa hesabu, ambaye ukoo wake ulifuga katika mbuga za Kyerwa, na Kakuru, karani wa baraza la chifu, aliyekuja na kofia yake ya ukarani na kuiweka mezani mbele yake kama shahidi.

"Kahawa," alisoma Padri.

"Kahawa haina tatizo," alisema Kakuru. "Tatizo ni hilo neno haki. Likishaingia darasani, kesho litaingia barazani."

Kahawa ikakatwa.

"Ng'ombe au migomba."

Nuwagaba, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata kwa mwanachuo aliyeshindwa kugawanya, aliinuka kwenye kiti. "Ng'ombe si hoja," alisema. "Ng'ombe ni ng'ombe." Akaketi, na hakuna aliyethubutu kumwomba ushahidi.

"Mahari," alisema Padri, kisha akajijibu mwenyewe. "Hapana. Humo mtafika kwenye ndoa, na kwenye ndoa kuna upande mmoja tu."

Walikata kodi, walikata pombe, walikata shule za wasichana. Kila mmoja aliunga mkono kwa moyo wote kozi ya kubishana, ilimradi wasibishanie jambo lolote. Jua lilipoanza kuinama, Placidius alikuwa amebaki na karatasi iliyochorwa mistari tupu. Kwa uchovu na hasira akatamka jambo la kwanza lililomjia.

"Basi waandike kama kufagia ua ni bora asubuhi au jioni!"

Alikuwa akikejeli. Lakini Padri alitabasamu, Nuwagaba akaitikia kwa kichwa, na Kakuru akachukua kofia yake. "Hiyo," alisema, "ni mada safi."

Muhula ulipofunguliwa, wanachuo walipewa mada yao. Placidius aliwafundisha dai na ushahidi bila kuinua macho, akiona aibu, kama mpishi aliyeandaa karamu nzima kwa ajili ya kiazi kimoja. Kisha akawatuma vijijini wakaulize. Yeye mwenyewe hakwenda. Kufagia ni kufagia, alijiambia.

Miongoni mwao alikuwapo kijana aitwaye Kyomukama, mkimya, mwenye tabia mbaya ya kuelewa maagizo kama yalivyosemwa. Alishuka hadi Kanoni, akaingia kibanja hadi kibanja, kila nyumba na migomba yake, akiamkia "shikamoo" na kuuliza swali lake. Mjane mmoja, Pulkeria, alimtazama juu mpaka chini.

"Asubuhi gani, mwanangu? Asubuhi niko barabarani."

Mwisho wa muhula Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi. Ukumbi ulipambwa kwa majani ya migomba. Padri alikaa kulia kwake, Kakuru kushoto, kofia magotini. Wanachuo wa kwanza walisoma insha za kutosha kumlaza mtu: asubuhi kuna hewa safi, jioni kuna kivuli. Kisha akasimama Kyomukama.

"Dai langu lilikuwa kwamba kufagia asubuhi ni bora," alisoma. "Nilikwenda Kanoni kutafuta ushahidi, ushahidi ukanikatalia."

Placidius aliinua macho.

"Akina mama wa huko hawafagii ua asubuhi, kwa sababu karani wa baraza amewaamuru wafagie barabara ya gari la chifu kabla ya jua kupanda. Chifu hana gari. Karani anasema atanunua. Jumamosi hawafagii, kwa sababu katekista amewapangia uwanja wa kanisa. Wanaokaa karibu na njia ya mifugo wamechoka kufagia, kwa sababu ng'ombe wa ukoo wa mwalimu wetu wa hesabu hupita uani na kuacha walichoacha. Upande unaonipinga unasema wafagie jioni. Jioni wanapika, na wengine wanalala wamekaa. Hitimisho langu ni kwamba mtu hufagia ua wake akishamaliza kufagia wa wenzake."

Kakuru alisimama, na kofia ikaanguka.

"Kijana huyu ametumwa!"

"Ndiyo, Bwana Karani," alisema Kyomukama. "Alitutuma Mwalimu."

"Afukuzwe! Leo hii!"

Macho yote yakamgeukia Placidius. Aliufikiria mshahara wake, nyumba ya chuo, jina lake lisilofika Dar es Salaam. Alitaka kusema kwamba kijana hakuelewa mada. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, nyembamba lakini imenyooka:

"Upande unaopinga una haki ya kujibu. Bwana Karani, ni neno gani alilosema ambalo si kweli?"

"Sikusema si kweli! Nimesema ni utovu wa adabu!"

Kabla mtu hajajibu, Bwana Mkaguzi alianza kupiga makofi, uso umemng'aa.

"Vizuri sana! Dai, ushahidi, hitimisho! Vizuri sana!" Kisha akainama kwa Padri. "Nina swali moja tu. Kwa nini watu wa hapa wanafagia ua? Kwetu, ua tunalimwagilia maji. Ni ua la namna gani? Waridi?"

Padri aliinuka kitini. "Ni ua kubwa, Bwana," alisema. "Twende tukanywe chai."

Sifa za Mkaguzi zilimwokoa Kyomukama, maana hakuna aliyeweza kumfukuza kijana aliyepigiwa makofi na serikali. Kozi nayo iliendelea, kwa rekebisho dogo: tangu hapo ushahidi ungetolewa na ofisi ya chuo, ili kuwapunguzia wanachuo matembezi. Placidius alihamishiwa shule ya vijijini huko Mabira, kufundisha darasa la kwanza.

Padri alikuja kumuaga. "Ulifundisha vizuri mno, Mwalimu," alisema, akiona haya. "Kosa ni hilo tu."

Karani Kakuru naye, ili ionekane kwamba baraza husikiliza hoja za wasomi, aliitoa kazi ya kufagia barabara asubuhi, akaiweka jioni.

Placidius hakuwa na habari hiyo. Aliijua siku ya safari, alipopita Kanoni jioni na mkewe, mtoto na masanduku, akawakuta akina mama wameinama barabarani, vumbi limewafika kiunoni. Mmoja wao aliuliza huyu ni nani, akaambiwa ndiye mwalimu wa kile chuo, aliyewatuma vijana kuulizia kufagia.

Pulkeria aliegemea ufagio wake. "Karibu, Mwalimu. Umekuja kuuliza na wewe?"

Placidius aliitazama barabara ilivyonyooka, haina hata jani, wala gari. Halafu akatua sanduku chini, akaketi juu yake.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nimechelewa, lakini nimekuja kuuliza."

Kokushubira alimshusha mtoto mgongoni, akaazima ufagio kwa mwanamke aliyechoka, akaanza kufagia. Hapo kwanza akina mama walicheka, kisha wakaanza kusema, wote kwa pamoja.