Upande wa Pili wa Santuri ya Émile

Léontine alirudi kutoka kupalilia maharagwe, akanawa miguu, akaegemeza jembe nyuma ya mlango, kisha akafuta santuri kwa pindo la kitenge chake na kuiweka kwenye mashine. Mashine ilitumia betri ya pikipiki, na betri ilitegemea jua la Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo siku za ukungu magitaa yalijikokota zaidi kuliko yalivyopigwa. Hilo halikuharibu kitu. Muziki wenyewe ulikuwa wa kujikokota.

Mume wake, Émile, aliupiga na rafiki zake wa Mpofi, kule Walikale, ndani ya darasa la mabati wakati wa likizo. Hakuna aliyeimba. Gitaa moja lilianza peke yake, likazunguka papo hapo kama mtu aliyepoteza ufunguo. La pili lilijibu kwa mwangwi mrefu, mvua ikaingilia juu ya bati bila kualikwa, na ngoma zikachelewa hadi msikilizaji akate tamaa. Juu ya jalada kulikuwa na mlima wa zambarau, kilele chake kikitazama chini. Rafiki mmoja aliyehamia Ulaya ndiye aliyepeleka kazi hiyo itolewe kwenye santuri. Ilifika wiki ileile ambayo shimo la madini ya koltani lilimporomokea Émile na wenzake.

Mwenye shimo, Papa Édouard, alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba siku hiyo shimo lilikuwa tupu. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakukuwa na sababu ya kulifukua. Léontine alitaka jambo moja tu: lifunguliwe, mume wake atolewe, azikwe kando ya migomba yake.

Wifi yake, Anastasie, alisikia gitaa kutoka njiani akaingia uani bila kubisha. Kwao, matanga yasipoondolewa, jembe halishikwi na muziki haupigwi.

"Dada, matanga haijaisha, na wewe unapiga muziki? Na jembe ulishika! Watu watasema nini?"

"Matanga ya nani?" Léontine alijibu. "Papa Édouard alisema hakuna mutu alikufa. Kama hakuna mufu, hakuna matanga. Ikala, usikilize kaka yako."

Anastasie akakaa. Ngoma zilipoingia hatimaye, Émile naye aliingia, suruali imejaa udongo mwekundu. Udongo wa kilima chao ni mweusi. Mwekundu hutoka shimoni. Anastasie alimsogezea kigoda.

"Umekonda, kaka."

"Kule chini hakuna sombe," alisema Émile, ambaye hakuwahi kukinai kisamvu.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha alisimama, akaaga, akashuka na njia ya shimoni. Kesho yake alikuja na Valens, mchimbaji mwenzake, ambaye taa yake ilikuwa bado inawaka kwenye paji la uso, na Muhawenimana, aliyekuwa akiwapelekea wachimbaji maji, na bidoni yake mkononi. Wakaongezeka. Mama zao walianza kuja na sufuria, kila mmoja akijua mwanawe anapenda nini. Ua ukawa mwekundu, na Léontine akawa anaufagia kabla ya kulala.

Ndipo Papa Édouard akaja, shati jeupe limepigwa pasi.

"Mama Léontine, hii muziki inasumbua wafanyakazi yangu. Wanaacha nyundo, wanabaki kusikiliza."

Kisha akawaona waliokaa. Aliwasalimia wote kwa mkono, kama inavyotakiwa, na alipofika kwa wa mwisho uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Njo hawa! Si nilisema? Shimo ilikuwa tupu."

"Kama iko tupu, fungua tuone," alisema Léontine.

"Nifungue nini? Unatafuta mutu gani, na bwana yako iko hapa anakunywa kasiksi?"

Émile aliweka chini kikombe cha pombe yake ya ndizi. "Papa Édouard, mbao za shimo zilioza. Nilikuambia."

"Basi kesho uje kazini, tutaongea."

Mama mmoja alicheka kwa sauti, wengine wakamfuata, na wafu nao wakacheka kidogo kwa adabu. Papa Édouard akaondoka akijifuta kiganja kwa leso. Wekundu haukutoka, wala kwa sabuni wala kwa majivu. Jumapili, wakati wa kupeana amani, alitoa mkono wa kushoto, na watu wakaupokea. Shimo halikufunguliwa. Alichimba lingine pembeni yake, akalishikilia kwa mbao zilizooza vilevile.

Siku alipoziona mbao hizo zikipita njiani, Léontine alibeba spika akaitoa uani, akaiweka juu ya ukuta wa mawe, mdomo wake ukiwaelekea wachimbaji wa shimo jipya. Émile alimshikia waya. Wengine walisogeza vigoda wampishe. Akageuza santuri upande wa pili, akashusha sindano.

Wimbo wa kwanza ulikwisha. Kabla ya ule unaofuata palikuwa na kimya kifupi, na ndani yake nyundo za Papa Édouard zilisikika wazi.

Léontine akaongeza sauti.