Utepe Mwekundu

Kwa miaka minne mwalimu mstaafu alikuwa akipiga picha za maua ya mwitu, uyoga na vinyonga kando ya barabara ya mlimani, akitambaa kwa magoti mpaka mumewe akambatiza Konokono. Aliposikia wafyekaji wa magugu wanakuja, alikwenda ofisi ya barabara kuomba maua na uyoga wake visiguswe. Bwana mkubwa wa pale hata macho hakuinua. Alimtolea bunda la utepe mwekundu kwenye droo, akamwambia aweke alama anapotaka pasiguswe.

Mwalimu akafunga utepe kwenye mashina arobaini ya maua na gogo moja lenye uyoga, mgongo ukimuwaka moto.

Jumatatu asubuhi alirudi na kamera. Magugu yalikuwa yamesimama vilevile, yanacheza na upepo. Mimea yake ilikuwa imelundikwa kwenye kona, imekatwa shinani, tepe zake zikiwa bado zimefungwa. Hata lile gogo lilikuwa limepasuliwa.

"Nani kawaambia mkate hii?"

Msimamizi wa wafyekaji alishangaa. "Si wewe mwenyewe, Mwalimu? Kwetu utepe mwekundu maana yake ondoa, na ofisi nzima inajua. Tumeambiwa tufuate alama zako."

Mwalimu akaielekeza kamera kwenye lundo, maana hakujua afanye nini kingine.

Msimamizi akavua kofia, akawaita wenzake wajipange mbele ya lile lundo.

"Hatukuacha hata mmea mmoja, Mwalimu," alisema, akatabasamu apigwe picha.