Jina Ambalo Hakuna Aliyeliita

Januari ya 2006 Elinaja, aliyeajiriwa kutunza wagonjwa, alikuwa akimlisha Mzee Kaijage uji, kijiko kwa kijiko, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Phillips, huko ughaibuni. Mzee alikuwa amefundisha chuoni miaka ishirini na saba, habari za Wagiriki wasomi waliotawaliwa na Warumi. Sasa maradhi yalikuwa yamemlaza, na nesi alishamwambia bintiye, Victoria, ahesabu siku tu.

Saa nne asubuhi nesi aliingia. "Mista Kaijage?" aliita kwa uchangamfu.

Mzee hakumtazama. Alitazama mlangoni, nyuma yake, akasema kwa Kiswahili, "Si wewe, Baba. Wananiita mimi."

Elinaja akageuka. Hapakuwa na mtu. Ila zulia lilikuwa limelowa mahali pawili, mbali na alama za buti za nesi. Nyayo tupu, za mtu asiye na viatu, na nje theluji imefika dirishani.

Nesi alipoondoka, mzee akauliza, "Umemwona?"

"Nani, Babu?"

"Mwenye jina lake. Kaijage ni baba yangu, alikufa mwaka wa sabini na nne. Nilikuja huku na jina langu, la baba likifuata nyuma, kama kwetu. Wao wakashika la nyuma. Miaka yote hii wanamwita marehemu, naye ana adabu. Akiitwa, anakuja."

Akanyoosha kidole kwenye kiti cha Victoria, kilichokuwa kitupu. "Yule pale simwogopi. Mgiriki. Alikuwa mtumwa, akisomesha watoto wa Mrumi. Walipomwacha huru wakampa majina ya bwana wake, lake likawa la mwisho. Warumi wakamwita kwa la bwana, wanafunzi wakamwita mwalimu. Lake likakosa mdomo wa kuliita."

"Nimwekee naye uji?"

"Mwekee. Ataulalamikia, wasomi ndivyo walivyo." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamshika mkono. "Nikianza kuondoka, niite kwa jina langu. Wakiita Kaijage ataitika yeye, aende yeye, mimi nibaki humu ndani."

Elinaja alilijua lile jina. Kwenye chupa za dawa lilikuwa herufi E tu. "Babu, mimi ni kama mjukuu wako. Nitakuitaje jina kavu?"

"Victoria naye kasema hivyo hivyo. Wao kwa fomu zao, nyie kwa heshima zenu. Mmenizika ningali nakunywa uji."

Ijumaa mchana pumzi ikaanza kukwaruza. Victoria alikuwa upande mmoja wa kitanda, akirudia "Baba, Baba." Nesi aliinama. "Mista Kaijage, unanisikia?"

"Naam," ikasema sauti nzito ukumbini.

Nesi akauliza nani yuko nje. Nyayo zilikuwa zinakuja, taratibu, ngozi tupu juu ya sakafu. Elinaja alikumbuka ombi la mzee. Aliona kama anaambiwa amvue mzee nguo mbele za watu. Akainama sikioni.

"Evodius."

Nyayo zikasimama mlangoni.

"Evodius," akaita tena, safari hii kama mama anayemwita mtoto aje kula.

Macho yakafunguka. "Naam, mama. Nakuja." Na pumzi haikurudi.

Elinaja aligeuka kutazama mlangoni. Zulia lilikuwa kavu.

"Umemwitaje baba yangu?" Victoria aliuliza polepole, kama mtu aliyepigwa kofi. Jioni ile ile Elinaja alirudishiwa sweta lake mlangoni, akaambiwa asirudi tena.

Mwezi wa nne alikwenda kliniki Coon Rapids, akakaa na fomu yake miongoni mwa wagonjwa. Mwanamke mwenye faili akatokea.

"Mis Mbwambo?"

Baba yake, Mbwambo, alizikwa Same mwaka wa tisini na nane. Elinaja hakuinuka. Alitazama kwanza zulia la mlangoni.